Jiwe Lililo Shahidi: Makaburi ya Kanisani na ya Kibanjani, Yakitazamwa Kutoka Karagwe

Mgeni apitaye katika kata ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, au katika kata yo yote ya nchi ya zamani ya Karagwe, huona makaburi mengi kabla hajaonyeshwa hata moja. Yamo ndani ya vibanja, kati ya migomba na mibuni, hatua chache kutoka mlangoni pa nyumba. Mengine ni matuta ya udongo yaliyozungushiwa mawe, mengine yamejengwa kwa saruji, na yale ya miaka ya karibuni yamevikwa vigae ving'aavyo. Lakini mgeni huyo akiingia kanisani, kwa kawaida hataona kaburi. Ataona altare, viti, na pengine kibao ukutani kisemacho ni nani aliyeweka jiwe la msingi. Wafu hawamo.

Aliyezoea makanisa ya kale ya Ulaya atashangaa, kwa kuwa huko sakafu nzima yaweza kuwa makaburi, na ukutani wakasimama wafalme na maaskofu wa mawe. Basi kwa nini Wakristo wa Karagwe, wabatizwao kanisani na kuombewa kanisani, hawalali kanisani? Katika makala haya nakusudia kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya makaburi ya kanisani tangu mwanzo wake hadi yalipofika kwetu, na kuonyesha kwamba kumbukumbu ya Mkristo wa kawaida katika nchi hii ilijengwa kibanjani. Jambo hili lawahusu pia watafiti wa lugha, maana mawe hayo yana maandishi, na maandishi hayo ni sehemu ya historia ya Kiswahili cha bara ambayo bado haijakusanywa inavyostahili.

Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na maneno. Kuzika ni neno la Kibantu, na Mnyambo au Mhaya hulitambua mara moja, kwa kuwa kwao husemwa okuziika. Lakini tukitoka katika tendo tukaingia katika vitu vyake, karibu kila neno latoka pwani, na asili yake ni Kiarabu: kaburi, maiti, jeneza, marehemu, fariki. Hata msalaba na kanisa ni maneno ya asili hiyo. Wamisheni walipoingia bara wakitumia Kiswahili, walikuta lugha ya mauti imekwisha kutengenezwa na Waislamu wa pwani, wakaichukua. Ndiyo sababu Mkristo aliyezikwa chini ya msalaba huko Kyerwa huitwa marehemu, yaani aliyerehemiwa, kwa neno lile lile aitwalo Mwislamu aliyezikwa Kaole au Lamu.

Neno moja lataka kuangaliwa zaidi, nalo ni shahidi. Katika Kiarabu jiwe lisimamishwalo kichwani pa kaburi huitwa kwa jina hilo, kwa kuwa lashuhudia kwamba hapa yupo mtu. Katika Kiswahili cha Wakatoliki, wale waliouawa kwa ajili ya imani huko Buganda katika miaka ya 1885 hadi 1887 huitwa Mashahidi wa Uganda. Nalo neno la Kigiriki walilopewa wafia dini wa kwanza, martus, maana yake ya asili ni shahidi. Kwa hiyo jiwe, mtu aliyekufa kwa ajili ya dini, na mtu asimamaye barazani kutoa ushahidi, wote watatu hukutana katika neno moja. Tutaona kwamba mkutano huo una maana.

Karagwe kabla ya kanisa

Kabla ya misheni kufika, Karagwe ilikuwa na desturi yake ya kuwakumbuka watawala. John Hanning Speke, aliyefika Bweranyange kwa mkama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 jinsi alivyosimuliwa maziko ya Ndagara, baba yake Rumanyika. Mwili, alisema, ulishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ukawekwa katika mtumbwi ziwani kwa siku tatu hata ukaanza kuoza. Funza watatu walitwaliwa wakapelekwa ikulu, na humo mmoja akageuka simba, wa pili chui, na wa tatu fimbo. Kisha mwili ulipelekwa kilimani, usifukiwe ardhini bali ujengewe nyumba. Na wasichana watano pamoja na ng'ombe hamsini wakatiwa ndani, mlango ukazibwa, wakafa humo kwa njaa.

Hatulazimiki kuamini kwamba funza aligeuka simba, wala hatuna sababu ya kuuficha ukatili wa habari hiyo. Linalotuhusu ni umbo la kumbukumbu yenyewe: ilikuwa nyumba. Nyumba ya miti na majani hudumu maadamu yuko mtu wa kuitunza. Akiisha kuondoka, nayo huanguka. Vivyo hivyo huko Buganda, Kabaka Mutesa wa Kwanza alipozikwa Kasubi mwaka 1884, alilazwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na walinzi wa ukoo wakaendelea kukaa humo. Katika nchi za Maziwa Makuu, basi, ukumbusho wa mtu mkuu ulikuwa kazi isiyokwisha iliyowekwa juu ya walio hai. Jiwe, ambalo hudumu hata watu wakisahau, lilikuwa fikira ya namna nyingine, nayo ililetwa na wageni.

Kanisa la Ulaya lililojaa wafu

Wakristo wa kwanza hawakuzika makanisani. Walizika nje ya miji, kama sheria ya Roma ilivyotaka. Lakini walipenda kusali penye makaburi ya mashahidi wa dini, na baadaye wakajenga makanisa juu ya makaburi hayo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kila mtu alitamani kulala karibu na shahidi, ili siku ya ufufuo afufuke pamoja naye. Mtaguso wa Braga wa mwaka 561 ulikataza kuzika ndani ya makanisa, ukaruhusu kuzika nje tu, kando ya ukuta. Katazo hilo halikushika. Waliingia maaskofu, wakaingia wafalme, wakaingia wakubwa waliotoa mali, na mwishowe wakaingia wafanya biashara.

Umbo la makaburi lilibadilika kwa kadiri watu walivyobadili fikira zao juu ya kifo. Mwanzo lilikuwa bapa la jiwe sakafuni, lenye msalaba na jina. Tangu karne ya 12 na ya 13 zilienea sanamu za mtu aliyelala chali, mikono imekutana kifuani kwa sala, knaiti akiwa na silaha zake na askofu na fimbo yake. Mahali pengine, hasa Uingereza, umbo la mtu lilichorwa juu ya bamba la shaba. Katika karne ya 14 ikatokea namna ya kutisha: maiti kuonyeshwa akiwa anaoza. Huko La Sarraz, Uswisi, kuna sanamu ya mkubwa mmoja wa karne hiyo ambaye vyura wamekaa usoni pake, na minyoo yatambaa mikononi na miguuni mwake.

Hapa tusimame kidogo tukumbuke funza wa Ndagara. Mchongaji wa Uswisi na msimulizi wa Karagwe wote wawili walimtazama mfalme anayeoza, wala hawakugeuza uso. Lakini mmoja aliona katika funza mwisho wa majivuno ya mtu, na mwingine aliona mwanzo wa enzi mpya, funza akigeuka simba. Kitu ni kimoja, na mafundisho ni mawili.

Baadaye sanamu ziliinuka. Katika karne ya 16 mtu aliyekuwa amelala alipiga magoti. Katika karne ya 17 na ya 18 alisimama, akazungukwa na malaika, ngao na sifa ndefu za Kilatini. Lakini wakati huo huo harufu ya maiti chini ya sakafu ilikuwa imewachosha watu wa mijini, na waganga walianza kuonya kwamba hewa yake yaleta magonjwa. Mfalme wa Ufaransa alitoa amri mwaka 1776 ya kuzuia maziko ya makanisani, wachache tu wakiruhusiwa. Kaisari Joseph wa Pili wa Austria alifuata mwaka 1784. Huko Uingereza sheria za maziko za miaka ya 1850 zilifunga makaburi ya mijini na kuyahamishia nje ya miji. Katikati ya karne ya 19, kuzikwa kanisani kulikuwa kumekuwa heshima ya watu wachache sana.

Wamisheni walifika wakati gani?

Tarehe hizo ndizo zijibuzo sehemu kubwa ya swali letu. Wareno, walioshika pwani yetu wakati Ulaya ingali ikizika makanisani, walifanya kama kwao: katika kanisa dogo la Baluarte, lililojengwa mwaka 1522 kisiwani Msumbiji, mawe ya makaburi yamo sakafuni. Lakini misheni zilizoleta Ukristo unaoishi leo katika Afrika Mashariki zilifika baada ya mlango huo kufungwa. Zilileta kanisa, nazo zilileta pia uwanja wa makaburi ulio nje ya kanisa.

Mara nyingine kaburi lilitangulia hata kanisa lenyewe. Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882, alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga ng'ambo ya bahari, upande wa Nyali. Hapakuwa na kanisa la kuwaingiza.

Unguja, Kanisa Kuu la Kristo, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, laonyesha vema desturi mpya. Ndani yake mna ukumbusho wa kuta na madirisha, lakini kaburi linalojulikana zaidi ni la Askofu Edward Steere, aliyelijenga, akafa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Wasomaji wa jarida la Kiswahili hawana haja ya kukumbushwa Steere ni nani: Kitabu chake cha mafundisho ya lugha na mkusanyo wake wa hadithi vyote vilitoka mwaka 1870. Katika kanisa hilo hilo mna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Mwili wake ulichukuliwa na Chuma, Susi na wenzao mpaka Bagamoyo, ukafika mwezi wa Februari 1874, kisha ukazikwa Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874. Kabla ya kuondoka Chitambo, Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa na misheni huko India, alichonga maandishi kwa Kiingereza katika shina la mti. Basi mtu mmoja alipata kumbukumbu tatu: mti porini, jiwe katika kanisa la wafalme, na msalaba wa mbao Unguja. Ya kwanza ilifanywa kwa mkono wa Mwafrika, nayo ndiyo ile iliyozaa ya tatu.

Huko Namirembe, mifupa ya Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, ililetwa ikazikwa mwaka 1892, na ile ya Alexander Mackay, aliyefia Usambiro mwaka 1890, ililetwa mwaka 1927. Wote wawili wamelazwa nje, kando ya kanisa.

Maaskofu na kardinali

Kwa upande wa Wakatoliki, desturi hiyo iliandikwa kuwa sheria. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilikataza kuzika maiti makanisani, isipokuwa Baba Mtakatifu, makardinali, watu wa nyumba za kifalme, na maaskofu na maabate katika makanisa yao wenyewe. Sheria mpya za mwaka 1983, katika kanuni ya 1242, ziliwaondoa wafalme na maabate, zikawaacha Baba Mtakatifu, makardinali na maaskofu wa majimbo, hata wale waliokwisha kustaafu. Kwa hiyo historia ya makaburi ndani ya makanisa yetu Katoliki ni historia ya maaskofu, na kwa muda mrefu maaskofu hao walikuwa Wazungu. Joseph Kiwanuka, aliyewekwa askofu mwaka 1939, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa nyakati zetu kusini ya Sahara, alizikwa katika kanisa kuu la Rubaga mwaka 1966.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na Karagwe ni wa Laurean Rugambwa. Alizaliwa mwaka 1912 katika nchi ya Wahaya, akawekwa askofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupata cheo hicho. Alikuwa askofu mkuu wa Dar es Salaam tangu 1968 hata 1992, akafa huko tarehe 8 Desemba 1997. Alizikwa kwanza Kashozi, penye misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1892, kwa kuwa kanisa kuu la Bukoba lilikuwa linangoja kutengenezwa. Mwezi wa Oktoba 2012, mwaka wa mia tangu kuzaliwa kwake, alihamishiwa ndani ya kanisa kuu hilo.

Sheria ya Kanisa ilimruhusu kardinali kulala kanisani. Lakini angaliweza kulala Dar es Salaam, alikofanya kazi kwa miaka mingi zaidi. Alirudishwa kwao. Mtu wa Kagera akiitazama safari hiyo huitambua upesi, kwa maana ndiyo safari ya kila mtu wao afiaye mbali: lazima arudi. Tofauti ni kwamba kwa kardinali, nyumbani palikuwa kanisani.

Kanisa lililotoka nje

Kwa watu wengine wote nyumbani ni kibanjani. Kibanja cha Mhaya au Mnyambo chenye makaburi ya wazee si shamba tu. Ukoo ukigombea ardhi, makaburi huonyeshwa: hapa yupo babu, hapa yupo baba yake. Kama vile mmea wa omuramura ushuhudiavyo mpaka wa kibanja, ndivyo kaburi lishuhudiavyo haki ya waliomo. Hapo neno shahidi larudia maana yake ya barazani. Kumhamishia mfu uwanja wa kanisa kungekuwa ni kumwondoa shahidi katika shauri ambalo laweza kuanza miaka hamsini baadaye.

Kanisa halikushindana na jambo hilo. Sheria zake zasema kwamba pasipo na uwanja wa makaburi uliobarikiwa, kila kaburi libarikiwe peke yake wakati wa maziko. Ndivyo ifanywavyo. Padri au katekista, mchungaji au mwinjilisti, hufuata jeneza hadi kati ya migomba, na kipande kile cha ardhi huwa kitakatifu. Mfu hakuingizwa kanisani; kanisa lilitoka likamfuata.

Mabadiliko ya umbo yaliyochukua Ulaya karne nyingi yamepita hapa katika vizazi vitatu au vinne. Lilianza tuta lenye msalaba wa mti, ambao mchwa huumaliza upesi. Likaja kaburi la matofali yaliyopakwa saruji, na fundi akaandika kwa msumari au kijiti kabla saruji haijakauka. Sasa kuna vigae, mawe yaliyosuguliwa, paa la bati juu yake, na picha ya marehemu iliyochapwa juu ya jiwe. Picha hiyo yafanya kazi ile ile iliyofanywa na sanamu ya knaiti aliyelala: yatuonyesha uso.

Lugha nayo imekwenda pamoja na umbo. Maandishi ya msumari ni ya Kiswahili cha mtu mwenyewe. Msomaji asishangae akikuta amezariwa mahali pa amezaliwa, kwa kuwa Kihaya na Kinyambo havitenganishi l na r kama Kiswahili kitenganishavyo. Fundi aliandika kama alivyosema. Jina la ubatizo huandikwa pamoja na jina la kwao, na tarehe mara nyingine ni mwaka tu. Maandishi ya mashine, kinyume chake, hayana kosa wala hayana mtu: jina, tarehe mbili, na herufi R.I.P., ambazo ni za Kilatini na za Kiingereza kwa pamoja, zimekaa hata juu ya jiwe ambalo maneno yake mengine yote ni Kiswahili.

Yanayopotea

Hapa ndipo penye jambo la kuhangaikia. Watoto wapatapo fedha hulijenga upya kaburi la wazazi wao, na hiyo ni heshima njema isiyopasa kulaumiwa. Lakini saruji ya zamani ikivunjwa au ikifunikwa kwa vigae, maandishi yake hupotea, na pamoja nayo mkono wa fundi, tahajia yake na matamshi yake. Nalo tuta la maskini halingoji hata kuvunjwa, mvua yatosha. Tukiendelea hivi, mjukuu atakayetafuta kujua Kiswahili kiliandikwaje na watu wa kawaida huko Kyerwa katika karne ya 20 atakuta vitabu vya misheni na majalada ya serikali, lakini sauti ya mwenye kibanja hataikuta.

Dawa yake si ngumu. Mwalimu mmoja na wanafunzi wake, wakiongozwa na mzee wa ukoo na kwa idhini yake, waweza kuyanakili makaburi ya kitongoji kizima katika likizo moja: maneno kama yalivyo bila kusahihishwa, lugha yake, kitu lilichojengwa nacho, umbo la msalaba, na jina la fundi kama lakumbukwa. Majina ya watu na yaachwe mikononi mwa ukoo wenyewe. Mtafiti yamtosha lugha na umbo. Kazi hiyo yapasa kufanywa kabla ya vigae, na ifanywe pamoja na wale ambao kwao jiwe hilo bado ni shahidi katika maana zake zote.